Vyumba Sita kwa Jina Lako

Kimaka, Jinja
Jumapili, saa tisa alasiri

Mwanangu Nandudu,

Umekwenda Buwenge kumuaga shangazi yako, na kwa kuwa shangazi yako hamruhusu mtu kuondoka kabla hajala mara mbili, najua sitakuona kabla ya magharibi. Muda huo unanitosha. Kesho asubuhi, kabla hatujaenda kituoni kupakia cherehani zako mbili kwenye gari la Mbale, nitasimama getini nikisema yale ambayo wazazi wote husema getini. Ninayotaka kukuambia hayawezi kusemwa pale.

Mambo ya shuka, ya dawa na ya kuwasalimu majirani zako wapya wa Malukhu, huko Mbale, amekwisha kukueleza mama yako, tena mara tatu. Sitayarudia. Nakuandikia kwa sababu nikifungua kinywa ninafundisha. Mama yako husema kwamba hata nikiomba chumvi mezani, ninaomba kama mtu anayetoa zoezi. Miaka thelathini na moja ya kuwafundisha askari Kiswahili kambini imenifanya hivyo. Nimestaafu, lakini sauti yangu haijastaafu.

Kwa wiki tatu umenisalimu vizuri, umeniwekea chai mezani, umenipigia pasi mashati, na zaidi ya hapo hukusema neno. Afadhali ungenipigia kelele. Kelele ningezijibu. Adabu yako sijui niijibu vipi, na nakiri kwamba imenikasirisha, ingawa najua sina haki ya kukasirika.

Najua siku ilipoanza. Shule ile ya Mbale ilikuwa tayari kukupa kazi ya kushona sare za wanafunzi wake wote wapya. Ulikuwa umekwisha kuchagua kitambaa, umekwisha kutafuta msichana wa kukusaidia vifungo. Walichotaka kwako ni karatasi moja tu, cheti cha kuonyesha kwamba hudaiwi kodi. Ukaenda kukiomba ukidhani ni kazi ya asubuhi moja, kwa sababu hukuwahi kufanya biashara yoyote. Ukaambiwa kwamba una nyumba Jinja yenye vyumba sita vya kupangisha, una wapangaji, na kwa miaka mitatu hujawasilisha ritani, ile taarifa ya mapato ya kila mwaka, hata moja.

Ulirudi nyumbani ukaniuliza swali moja ukiwa bado umeshika mkoba wako.

“Baba, mimi nina nyumba?”

Nilikujibu kwamba hilo si swali la kuuliza mlangoni. Hilo ndilo jibu nililokupa, mimi mwalimu. Na wiki iliyofuata kazi ya sare alipewa fundi mwingine.

Sasa nitakujibu. Nitaanza mbali kidogo, kwa sababu nataka ujue nilivyofikiri, si ili unisamehe, bali ili ukiona mawazo kama hayo yanakuja kichwani mwako uyatambue sura.

Vyumba vile kumi na viwili vilivyo nyuma ya nyumba yetu nilivijenga kwa miaka tisa, viwili viwili, kila nilipopata chochote. Wewe mwenyewe ulibeba maji ya kuchanganyia saruji ukiwa na kopo la rangi kichwani, ukimwaga nusu njiani. Nilivijenga kwa sababu mshahara wa mwalimu wa kambini ulikuwa mdogo, na kwa sababu Kimaka haikosi wapangaji. Askari huja katika chuo cha jeshi, huhamishwa, huja wengine. Nilidhani kwamba mtu aliyejenga kwa jasho lake, akapangisha kwa bei ya haki, na akatoa risiti kila mwezi, ana amani na dunia.

Risiti zangu unazikumbuka. Kitabu chenye karatasi mbilimbili, kaboni katikati, jina kamili la mpangaji, namba ya chumba, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Wenzangu walinicheka. Walipokea pesa mkononi, wakatia mfukoni, wakasema “sawa”. Mimi niliandika.

Kisha sheria ikabadilika. Huu ndio upuuzi unaonichosha hadi leo, na sitajifanya kwamba umekwisha kunipita. Kila mwaka, mwezi wa Juni, bajeti ikisomwa, sisi wenye vyumba vichache tunakaa kando ya redio kama wagonjwa wanaosubiri majibu ya damu. Mwaka huu hivi, mwaka ujao vile. Zamani niliruhusiwa kutoa sehemu ya gharama kabla ya kukatwa kodi. Kisha ikasemwa kwamba mtu binafsi hatatoa gharama yoyote; kodi itakatwa kwenye pango lote linalozidi kiwango kilichowekwa. Kampuni yenye majengo inaruhusiwa kutoa gharama zake hadi kikomo fulani. Mimi mwenye vyumba kumi na viwili na choo cha shimo siruhusiwi. Paa likivuja, halivuji. Choo kikijaa, nikamlipa mwenye gari la kunyonya, sikulipa. Sheria inaihesabu shilingi iliyoingia mlangoni na haitaki habari ya iliyotoka dirishani.

Na mwaka huo, mwanangu, zilitoka nyingi. Mvua ya mawe ilitoboa mabati ya vyumba vya mwisho. Askari wawili walihamishwa ghafla, wakaondoka na pango langu la miezi minne. Nilikuwa na hasira. Nataka ulijue hilo: hasira yangu ilikuwa ya haki. Nimeipima mara nyingi na bado naiona ya haki. Kosa langu ni kwamba niliipa kazi ya kufanya.

Jirani yetu, Mzee Isabirye, mwenye vyumba vile vyekundu, alinikuta nikisoma gazeti barazani.

“Mwalimu, mbona unasoma kama mtu aliyefiwa?”

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

“Wewe una elimu nyingi, akili kidogo. Sheria inamwangalia mtu, haiangalii boma. Si una binti mkubwa? Mpe nusu. Wewe vyumba sita, yeye sita. Kila mmoja atakaa chini ya kile kiwango. Mimi vyangu nimevigawa mpaka kwa mkwe.”

“Na binti akikataa?”

“Binti wako wewe? Akatae?” Akacheka tena.

Ni kweli. Binti yangu mimi asingekataa. Nilikuwa nimekulea hivyo.

Ulikuwa umekuja likizo kutoka chuo cha ushonaji. Ulikuwa unapiga pasi gauni la mama yako la kanisani. Niliweka karatasi kwenye ukingo wa meza ile ile ya kupigia pasi, nikakupa kalamu.

“Baba, hizi ni nini?”

“Ni karatasi za nyumba. Weka sahihi hapa, na hapa, na hapa.”

“Nisome kwanza?”

“Nimekwisha kuzisoma mimi.”

Ukaweka sahihi. Ulishika pasi kwa mkono wa kushoto usiunguze gauni, ukaandika kwa mkono wa kulia jina lako lote, kwa herufi nzuri nilizokufundisha mwenyewe. Nikaridhika na mwandiko wako. Nandudu, nilisimama pale nyuma yako nikisifu mwandiko moyoni.

Siku hiyo ilinitesa baadaye kuliko zote. Nimewafundisha mamia ya watu wazima kwamba mtu asiweke jina lake chini ya maneno asiyoyasoma. Makuruta waliotoka vijijini kaskazini, wasiojua hata salamu za lugha hii, niliwafundisha hilo wiki ya kwanza. Nilimnyima binti yangu.

Wala sikuifanya kazi hiyo ovyo, kama Mzee Isabirye. Mimi ni mtu wa taratibu. Nilikuandikisha, nikakupatia namba ya mlipakodi, nikaandika mikataba sita mipya yenye jina lako kama mwenye nyumba. Nilijiambia kwamba kitu kilichoandikwa vizuri namna hiyo hakiwezi kuwa udanganyifu. Mwizi hupita usiku; mimi nilipita ofisini saa nne asubuhi, nikiwa nimevaa tai.

Kwa mwaka mmoja hesabu ilikaa chini ya kiwango. Kisha bei ya saruji ikapanda, bei ya kila kitu ikapanda, nami nikaongeza pango. Niliongeza kwa vyumba vyote kumi na viwili kwa tangazo moja nililolibandika ukutani, na sikuwaza hata kidogo kwamba kwa tangazo lile nilikuwa nimelivusha jina lako juu ya kile kiwango. Sikuwasilisha chochote kwa ajili yako. Wala kwa ajili yangu. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kusema kwamba jambo hilo limemalizika.

Halafu nikaacha kuandika risiti.

Hili hulijui, na mama yako alilijua kwa kuona tu kitabu cha risiti kimewekwa juu ya kabati. Risiti ingeonyesha kiasi kipya. Ingeonyesha pia kwamba pesa za chumba cha “mwenye nyumba Nandudu” zinaingia kwenye simu ya baba yake. Kwa hiyo nikaanza kusema “sawa”, kama wenzangu.

Mpangaji wa chumba namba tano alikuwa Sajini Ochen, yule mrefu aliyekuwa akikurekebishia baiskeli. Alikuwa mwanafunzi wangu miaka mingi iliyopita. Alinijia Jumamosi moja, kofia mkononi.

“Mwalimu, mimi iko na shida kidogo. Kule ofisi wanataka risiti ya nyumba.”

“Husemi ‘mimi iko’. Unasema ‘nina’.”

“Haya, nina shida. Risiti iko wapi?”

“Sajini, mimi na wewe tunajuana. Risiti ya nini?”

“Mwalimu, si wewe ndiyo ulinifundisha? Siku ya kwanza darasani ulisema, askari bila maandishi ni mtu anatunga hadithi. Mimi naliandika hiyo kwa kitabu.”

“‘Niliandika hilo kitabuni.’”

“Eeh, niliandika. Sasa wewe andika.”

Sikuandika. Nilimwambia arudi wiki ijayo. Alirudi, nikamwambia kitabu kimekwisha. Akaniangalia kwa muda, kisha akaangalia juu ya kabati, maana mlango ulikuwa wazi. Mwishoni mwa mwezi alihama, na aliponikabidhi ufunguo alinipigia saluti kamili, visigino pamoja, kama anavyopigiwa mkubwa. Nimepigiwa saluti nyingi maishani na vijana waliokuwa wakinitania. Ile haikuwa utani, nami sikuweza kuipokea. Niligeuka nikajifanya kuangalia kitasa.

Watu wa ofisi ya kodi walipopita mtaani nyumba kwa nyumba kuandikisha majengo, wapangaji walitoa mikataba wakaonyesha. Kwa nini wasionyeshe? Niliiandika vizuri mno. Jina lako lilisomeka kutoka mbali. Na walipoulizwa wanalipa kiasi gani, walisema kweli.

Hivyo ndivyo ulivyopata nyumba, mwanangu.

Ulipopoteza ile kazi ya sare, nilitafuta njia ya mkato, na usifikiri kwamba nilibadilika siku moja. Niliketi na mama yako jikoni nikamwambia nimepata dawa.

“Nitalipa deni la Nandudu. Ukiliangalia peke yake si kubwa. Atapata cheti chake, yaishe.”

Mama yako alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua macho.

“Na vyumba vitabaki kwa jina la nani?”

“Kwa jina lake, kama vilivyo.”

“Basi mwakani utamlipia tena. Na mwaka utakaofuata. Na siku ukifa, Mwalimu, nani atamlipia? Mabati yako?”

“Usiyaingize mabati ya nyumba yetu ya kijijini.”

“Nayaingiza. Yamelala stoo miaka kumi, yana kitanda kizuri kuliko changu.”

Nikamweleza, kwa subira niliyodhani ni hekima, kwamba nikikiri kwamba vyumba vyote kumi na viwili ni vyangu, basi pango lote litajumlishwa kwa jina langu, nami nitakatwa kwa jumla hiyo, ya miaka yote. Deni lako na langu yakiunganishwa yanakuwa makubwa kuliko yakihesabiwa mbalimbali. Hilo ndilo lilikuwa lengo la kugawa tangu mwanzo. Kukiri ni ghali.

“Kwa hiyo unaniambia,” mama yako akasema, “kwamba mtoto ndiye wa bei nafuu.”

Nilitoka jikoni. Nilizunguka vyumba vile mara mbili, nikikagua kuta kana kwamba kuna kosa la fundi.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kodi. Nilivaa tai tena. Kaunta ilikuwa ya msichana wa rika lako, mtu wa pande za Buwenge kwa matamshi yake, na nilikuwa nimetayarisha hotuba ya utangulizi kuhusu udhalimu wa kumkata mtu kodi bila kuhesabu paa lake. Alinisikiliza yote. Nadhani huisikia kila siku.

“Mzee, kaa kwanza. Hiyo ya paa ni ya wabunge. Mimi niulize yangu. Hii nyumba ni ya nani?”

“Mikataba inaonyesha kwamba…”

“Sijauliza mikataba, mzee wangu. Nani alijenga?”

“Mimi.”

“Pango linaingia kwa simu ya nani?”

“Yangu.”

“Huyu Nandudu amekula hata shilingi moja?”

“Nilimlipia ada ya chuo.”

“Aa, mzee! Ada ni kazi ya mzazi. Hata mimi nililipiwa, na sina nyumba.”

Mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akacheka. Ningeweza kukasirika. Lakini msichana yule hakuwa akinidhihaki, alikuwa akijaza fomu. Alinieleza kwamba kuandika jina la mtoto kwenye mkataba hakubadilishi mwenye nyumba, kwamba hata mpango wa Mzee Isabirye ni wa hewa tupu, ila tu bado hajafikiwa. Alinieleza pia kwamba kwa sasa serikali imeweka nafasi: mtu akilipa kodi yenyewe yote kabla ya siku iliyotangazwa, riba na faini za ile miaka ya nyuma husamehewa. Siku hiyo haiko mbali. Ikipita, faini zinarudi zote, na za jina lako zinarudi kwa jina lako.

Nikamwuliza mbona hakuna aliyetueleza haya yote kwa lugha tunayoielewa, mapema, kwa utulivu. Akasema tangazo lilikuwa redioni. Nikamwambia redioni kulikuwa na tangazo la sekunde chache katikati ya muziki. Akasema, “Mzee, lakini sasa umejua.” Naamini bado kwamba nchi inayobadilisha masharti kila Juni inawafanya watu wake kuwa wajanja wasiotaka ujanja. Lakini si nchi iliyokupa kalamu ukiwa umeshika pasi.

Nimelipa. Utakuwa umeona stoo iko wazi, na ulidhani nimeyapeleka mabati nyumbani kwetu kule chini ya mlima, ambako watu wa ukoo wananicheka kwamba mzee mzima nimezeeka ugenini bila nyumba kijijini. Sikuyapeleka. Niliyarudisha kwa Bwana Kanti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, yeye aliyeniuzia.

“Mwalimu!” akasema. “Miaka yote unanunua msumari mmoja mmoja, leo unaniuzia mimi mabati?”

“Yahesabu tu, bwana.”

Akayagonga kwa kidole. “Haya ni mazito. Ya siku hizi karatasi. Kwa nini unauza? Mgonjwa yuko?”

“Kodi.”

Akatikisa kichwa. Akanionyesha kile chombo chake cha kutolea risiti za mtandaoni, akasema wiki ya kwanza watu wa kodi walipokileta alitaka kukitupa mtoni, na kwamba mwanawe ndiye aliyemtuliza. Alinipa bei nzuri kuliko nilivyotarajia, na akaandika karatasi ya mauziano bila kuombwa, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Nilikaa nikaisoma yote mbele yake. Nadhani alishangaa, lakini alisubiri.

Kwa mabati hayo, na kwa kiinua mgongo kilichosalia, kodi yenyewe imelipwa, ya vyumba vyote, kwa jina langu. Limebaki jambo moja, na hilo siliwezi mimi.

Ili jina lako liondolewe kwenye vyumba vile, ofisi inataka maelezo yako wewe: kwamba hukuijenga nyumba, hukupokea pango, na kwamba uliweka sahihi kwa kuambiwa na baba yako. Maelezo hayo yamechapwa. Niliyatunga mimi, kwa hiyo hayana kosa la lugha, lakini hilo si sababu ya kuyaamini. Yananitaja mimi kwa jina na kusema nilichofanya. Sikukipunguza.

Nandudu, nakujua. Utaona karatasi hiyo utafikiria mabati, utafikiria kijijini, utafikiria baba yako kusomwa na watu wa ofisi kama mtu aliyemtumia mwanawe. Utataka kukataa kwa kunihurumia. Tafadhali usifanye hivyo. Hiyo huruma ni ule utii uliokufanya uweke sahihi mara ya kwanza, umevaa nguo nyingine tu. Na kama utakataa kwa kuwa bado una hasira na hutaki kunirahisishia jambo, hilo nalielewa zaidi, ila ujue kwamba faini zitakufuata wewe Malukhu, si mimi Kimaka. Kisha fanya unavyoona.

Huko uendako utaanza na mteja mmoja mmoja: suruali ya kupunguzwa, gauni la harusi la kupanuliwa. Watakuja watu kukufundisha ujanja. Watakuwa na hoja nzuri, na mara nyingine sheria yenyewe itawapa hoja. Sikupi amri. Nakuambia tu kwamba mimi sikuangushwa na pesa. Niliangushwa na ile wiki niliyoanza kukiogopa kitabu changu mwenyewe cha risiti. Ukiona siku moja hutaki kuandika jambo ulilolifanya, hapo hapo simama, funga cherehani, uende uulize kaunta. Kaunta si mbaya kama nilivyodhani. Walinipa kiti.

Sajini Ochen nimemtafuta. Amehamishiwa Mbale, kwa bahati. Nimemwandikia risiti za miezi yote saba aliyolipa bila risiti, kila moja na tarehe yake, na nimeeleza juu yake kwamba zimeandikwa kwa kuchelewa na kwamba kosa ni langu. Ziko kwenye bahasha ya kahawia ndani ya droo ya cherehani yako kubwa. Nitakupa namba yake. Ukimpa bahasha hiyo, atakupigia hadithi kwa Kiswahili chake kile. Usimsahihishe.

Nimekosa, mwanangu. Hiyo ndiyo sentensi ambayo kwa wiki tatu nimeizunguka kama nilivyozunguka vyumba. Nimekosa kwako, na nilikosa tena ulipouliza mlangoni. Hukuwa na nyumba. Ulikuwa na baba aliyelitumia jina lako kama paa.

Karatasi nitaiweka leo kwenye meza ya kupigia pasi, chini ya mkasi wako mkubwa. Ina kurasa mbili. Sitakusomea, wala sitasimama nyuma ya kiti chako. Nitakuwa uani na mama yako, tunafunga kamba kwenye mizigo. Soma kila mstari. Neno usilolielewa lizungushie duara, nami nitakueleza ukiniita. Mahali nilipojitetea pakate. Ukimaliza kusoma, uweke sahihi au usiweke, na kwa vyovyote vile nitakubebea cherehani hadi kituoni.

Usiharakishe kwa ajili yangu. Gari la Mbale halijai kabla ya saa mbili.

Baba yako